Joto Lisogezalo Mabara: Maisha ya Arthur Holmes

Ardhi unayoikanyaga kila siku huonekana kuwa imetulia. Mlima uliouona jana utaukuta mahali pale pale leo, na hata utakapokuwa mzee utaukuta pale pale. Hata hivyo, ardhi hiyo inasogea. Bara zima la Afrika, pamoja na milima yake, maziwa yake na miji yake, husogea sentimeta chache kila mwaka. Mwendo huo ni wa polepole kama kukua kwa kucha za vidole vyako, ndiyo maana huuoni wala huusikii.

Je, ni nguvu gani iwezayo kusogeza bara zima? Katika somo hili utasoma habari za Arthur Holmes, mtaalamu wa miamba aliyeitafuta nguvu hiyo na kuiona mahali ambapo wengine hawakupatazama: katika joto lililomo ndani ya dunia.

Utoto na masomo

Arthur Holmes alizaliwa mwaka 1890 kaskazini mwa Uingereza, akakulia katika mji wa Gateshead, kando ya mto Tyne. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Nyumbani kwao palikuwa na Biblia ambayo pembeni mwa ukurasa wake wa kwanza palichapishwa mwaka ambao watu wa zamani walikadiria kuwa ndio mwaka wa kuumbwa kwa ulimwengu: mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Mtoto Arthur alishangaa. Alijiuliza kwa nini hesabu hiyo isiwe 4000 kamili, na ile 4 ya mwisho ilipatikanaje. Tangu utoto wake, basi, alipenda kujua jinsi watu wanavyopata majibu yao.

Mwaka 1907 alipata msaada wa fedha za masomo, akaenda London kusoma fizikia. Huko akavutiwa pia na elimu ya miamba. Aliamua kuziunganisha elimu hizo mbili, ili atumie fizikia kuyauliza mawe umri wao.

Saa iliyomo ndani ya jiwe

Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba urani hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Baadaye wataalamu walitambua kwamba urani hubadilika yenyewe, chembe baada ya chembe, na mwisho wake hugeuka kuwa risasi. Risasi tunayoitaja hapa ni ile metali nzito na laini yenye rangi ya kijivu. Mabadiliko hayo hayaharakishwi wala hayacheleweshwi. Nusu ya urani yoyote huhitaji miaka kama milioni 4,500 ili igeuke.

Fikiria mtungi wa maji unaovuja tone moja kila dakika, na chini yake pamewekwa bakuli. Ukiyapima maji yaliyomo bakulini, utajua mtungi umevuja kwa muda gani. Vivyo hivyo, mtaalamu akipima urani iliyosalia katika jiwe na risasi iliyotokana nayo, ataweza kukokotoa umri wa jiwe hilo.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21 tu, Holmes alipima kwa njia hii jiwe lililotoka Norway. Alipata kwamba lina umri wa miaka milioni 370. Kabla ya hapo, Lord Kelvin, mtaalamu mashuhuri wa fizikia, alikuwa amekadiria kwamba umri wa dunia nzima hauzidi miaka milioni 40. Kumbe jiwe moja tu lilikuwa na umri uliozidi makadirio hayo zaidi ya mara tisa!

Kelvin alidhani kwamba dunia ni kama chungu kilichoepuliwa motoni, ambacho kazi yake ni kupoa tu. Lakini urani inapogeuka kuwa risasi hutoa joto. Kwa hiyo ndani ya miamba ya dunia mna joto linaloendelea kuzaliwa kila siku, kama makaa yaliyofukiwa majivuni. Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo lililomwongoza Holmes kwenye wazo lake kubwa.

Safari ya Msumbiji

Masomo yake yalimwacha na madeni. Kwa hiyo mwaka huo huo wa 1911 Holmes alikubali kazi ya kampuni moja iliyotafuta madini kaskazini mwa Msumbiji, nchi iliyotawaliwa na Wareno wakati huo. Alikaa huko kwa muda wa miezi sita hivi. Madini ya thamani hayakupatikana, ila malaria ilimpata. Aliugua sana, hata habari zikapelekwa Uingereza kwamba amekwisha kufa.

Lakini hakufa. Alirudi London akiwa dhaifu wa mwili, na hakuyasahau mawe ya Msumbiji. Aliendelea kuyachunguza, na mwaka 1919 akachapisha maelezo yake. Kabla ya hapo, mwaka 1913, alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya umri wa dunia. Alipokiandika alikuwa kijana wa miaka 23.

Mwaka 1920 alisafiri tena, safari hii kwenda Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Aliajiriwa na kampuni ya mafuta kuwa mkuu wa wataalamu wake wa miamba. Kampuni hiyo ilianguka. Jambo lililomwumiza zaidi ni kwamba mwanawe mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, aliugua kuhara damu akafariki huko. Holmes alirudi Uingereza bila mali na mwenye majonzi. Mwaka 1924 alipata kazi ya kuanzisha idara mpya ya elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha Durham. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kufikiri juu ya fumbo lililokuwa likiwagawanya wataalamu wa wakati ule.

Fumbo la mabara

Fungua atlasi yako uitazame ramani ya dunia. Linganisha pwani ya magharibi ya Afrika na pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini. Utaona kwamba sehemu ya Brazil iliyochomoza baharini yaelekea kuingia katika ghuba ya Afrika, kama vipande viwili vya kigae kilichovunjika.

Mjerumani mmoja, jina lake Alfred Wegener, alilitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1912 alitangaza kwamba zamani sana mabara yote yalikuwa yameungana, kisha yakapasuka na kuachana. Mwaka 1915 aliandika kitabu juu ya wazo hilo. Alikuwa na ushahidi wa kutosha kumfanya mtu afikiri. Kwa mfano, mabaki ya mnyama mdogo mtambaazi, aitwaye Mesosaurus, yamepatikana kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini pia. Mnyama huyo asingeweza kuogelea na kuivuka Bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, wataalamu wengi walimpinga. Walimwuliza ni nguvu gani iliyoyasukuma mabara. Wegener alitaja nguvu zinazotokana na kuzunguka kwa dunia, na mvuto wa mwezi na jua. Wapinzani wake walipiga hesabu, wakaonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno. Katika jambo hilo walikuwa na haki. Wegener alifariki Greenland mwaka 1930, akirudi kutoka kuwapelekea wenzake chakula katikati ya barafu. Hakupata kuiona siku ambayo wazo lake lingekubaliwa.

Jaribio: Maji yanapochemka

Ili uelewe jibu la Holmes, fanya jaribio hili mbele ya mwalimu wako.

1. Tia maji katika sufuria pana mpaka yakaribie kujaa. Yaache yatulie.
2. Tia ndani yake majani machache ya chai yaliyokwisha kutumika.
3. Iweke sufuria juu ya moto mdogo, ili moto uguse upande mmoja tu wa kitako chake.
4. Tazama mwendo wa majani kabla maji hayajachemka.

Utaona kwamba majani hupanda juu upande wenye moto, husafiri juu ya maji kwenda upande wa pili, hushuka huko, kisha hurudi chini kwa chini kuelekea motoni. Sababu yake ni hii. Maji yanapopata joto hutanuka. Yakitanuka huwa mepesi kuliko maji baridi yenye ujazo ule ule, kwa hiyo hupanda. Yanapofika juu hupoa, huwa mazito, na kushuka tena. Mzunguko huu huendelea maadamu moto upo. Joto hapa halipiti ndani ya maji yaliyotulia, bali husafiri pamoja na maji yenyewe. Mwendo wa namna hii tutauita mikondo ya joto.

Sasa fikiria kwamba juu ya maji hayo pana vipande viwili vya ubao mwembamba vilivyogusana, na mkondo unapanda katikati yao. Je, vipande hivyo vitabaki pamoja?

Mikondo ndani ya dunia

Dunia yetu ina matabaka. Juu kabisa pana ganda gumu. Unene wa ganda hilo chini ya bahari ni kilometa 5 hadi 10 hivi, na chini ya mabara mara nyingi ni kilometa 30 hadi 40. Chini ya ganda pana tabaka nene la mawe yenye joto kali, linaloshuka mpaka kina cha kilometa 2,900 hivi. Chini ya tabaka hilo ndipo kilipo kiini cha dunia.

Usidhani kwamba tabaka hilo nene ni uji wa mawe yaliyoyeyuka. Sehemu yake kubwa mno ni mawe magumu. Lakini mawe magumu yakiwa na joto kali na yakigandamizwa kwa muda mrefu sana, huweza kutiririka polepole. Ukikipiga kipande cha lami kilichopoa kwa nyundo, kitavunjika kama jiwe. Lakini ukikiacha mahali penye joto kwa siku nyingi, utakikuta kimetandazika. Mawe ya ndani ya dunia ni magumu kuliko lami, nayo huhitaji mamilioni ya miaka.

Holmes alijua kwamba ndani ya miamba mna joto linalozaliwa daima. Alijiuliza joto hilo hutokaje nje. Aliona kwamba lisingeweza kutoka lote kwa kupita tu ndani ya mawe yaliyotulia, kwa sababu mawe hupitisha joto vibaya. Kwa hiyo mawe yenyewe lazima yasafiri: yale ya moto yapande, yale yaliyopoa yashuke, kama maji katika sufuria yako.

Kisha akaunganisha wazo hilo na fumbo la Wegener. Mahali ambapo mkondo hupanda chini ya bara na kugawanyika pande mbili, bara hilo huvutwa huku na huku mpaka lipasuke. Vipande vyake huachana, na katikati yao hutokea bahari mpya yenye sakafu mpya. Mahali ambapo mikondo miwili hukutana na kushuka, ardhi hubanwa, na hapo hutokea milima mirefu au mifereji yenye kina kikubwa baharini. Kati ya mwaka 1927 na mwaka 1931 Holmes alieleza mambo haya mbele ya wataalamu wenzake na kuyachapisha.

Miaka ya kungoja

Usifikiri kwamba wenzake walimshangilia. Wachache walimsikiliza, na wengi wakalipuuza wazo lake. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuiona mikondo hiyo, wala aliyeijua sakafu ya bahari.

Holmes hakukasirika, wala hakudai kwamba ana yakini. Mwaka 1943 alihamia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1944 akatoa kitabu kikubwa cha kufundishia elimu ya miamba. Katika sura yake ya mwisho alichora mikondo ya joto na jinsi inavyoweza kulipasua bara. Lakini hapo hapo aliwaonya wasomaji kwamba mawazo ya namna hiyo hayana thamani ya kisayansi mpaka yapate ushahidi mwingine wa kuyathibitisha. Jambo hili ni la kukumbukwa. Mtu aliyelipenda wazo lake kwa miaka mingi alikuwa wa kwanza kusema kwamba bado halijathibitishwa.

Wakati huo hakuacha kuichunguza miamba ya Afrika. Mwaka 1937 yalitolewa maelezo aliyoyaandika pamoja na mwenzake juu ya mawe ya volkano ya Bufumbira, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1951 aliupa jina ukanda mrefu wa miamba ya kale sana uanzao Msumbiji, ukapita mashariki mwa Tanzania na Kenya, na kuendelea hadi Ethiopia. Ukanda huo huitwa Ukanda wa Msumbiji mpaka leo.

Ushahidi wapatikana

Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Marie Tharp na Bruce Heezen, walichora ramani za sakafu ya bahari kwa kutumia vipimo vya kina vilivyopatikana melini. Ramani hizo zilionyesha kwamba katikati ya Bahari ya Atlantiki, kutoka kaskazini hadi kusini, ipo safu ndefu ya milima iliyofunikwa na maji. Kilele chake kina ufa. Mwaka 1962 Harry Hess wa Marekani alieleza kwamba katika ufa huo mawe yaliyoyeyuka hupanda, hupoa na kuwa sakafu mpya, kisha sakafu hiyo husogea pande zote mbili.

Mwaka 1963 Waingereza wawili, Fred Vine na Drummond Matthews, walionyesha njia ya kulipima jambo hili. Mawe hayo yanapopoa hutunza alama ya mwelekeo wa nguvu ya sumaku ya dunia. Mwelekeo huo umegeuka mara nyingi katika historia ya dunia. Kwa hiyo sakafu ya bahari ina milia ya alama za sumaku, na milia ya upande mmoja wa ufa hufanana na ile ya upande wa pili. Karibu na ufa mawe ni machanga, na kadiri uendavyo mbali huwa ya zamani zaidi. Sakafu ya bahari ilikuwa ikitanuka kweli.

Holmes aliwahi kuyaona haya. Mwaka 1964 alipewa tuzo kubwa ya Vetlesen kwa kazi yake. Alifariki London mwezi Septemba mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 75. Miaka miwili au mitatu baadaye wataalamu waliyakusanya mambo haya yote kuwa elimu moja. Walieleza kwamba tabaka la juu la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, kila moja likiwa na unene wa kilometa 100 hivi, na mabamba hayo husogea. Siku hizi mwendo wake hupimwa kwa msaada wa setelaiti.

Elimu hiyo imemsahihisha Holmes pia. Yeye alidhani kwamba mikondo huyakokota mabara kutoka chini, kama mto uchukuavyo magogo. Sasa twajua kwamba mabamba yenyewe ni sehemu ya mzunguko huo: ni tabaka lake la juu lililopoa. Ukingo wa bamba la zamani, lililo baridi na zito, huzama chini ya bamba jingine na kulivuta bamba lililobaki, kama kitambaa kinachoteleza kutoka mezani kwa uzito wa upande unaoning'inia. Lakini chanzo ni kile kile alichokitaja Holmes. Joto la ndani ya dunia hutafuta njia ya kutoka, na mawe husafiri kwa ajili hiyo.

Bonde la Ufa

Huna haja ya kwenda mbali ili uione kazi ya joto hilo. Mashariki mwa Afrika mawe ya moto hupanda kutoka chini, nayo ardhi inapasuka. Bonde la Ufa ni alama ya mpasuko huo. Sehemu ya mashariki inaachana na Afrika iliyobaki kwa milimeta chache kila mwaka. Ndiyo sababu pana volkano hai kama Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania na Nyiragongo nchini Kongo, na ndiyo sababu matetemeko ya ardhi hutokea. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470 hivi, limejaza sehemu ya bonde hilo. Mpasuko huu ukiendelea kwa mamilioni mengi ya miaka, huenda maji ya bahari yakaingia na kuitenga sehemu ya mashariki.

Utakapoyaona maji yakichemka jikoni, yatazame vizuri kabla hujayaepua. Mwendo ule wa kupanda na kushuka, ukifanywa na mawe badala ya maji, na kwa mamilioni ya miaka badala ya dakika, ndio uliozitenga pwani za Afrika na Brazil.

Maswali

1. Kwa nini wataalamu wengi walilikataa wazo la Wegener? Je, walikuwa na sababu nzuri?
2. Eleza jinsi urani na risasi zinavyotuwezesha kujua umri wa jiwe.
3. Chora sufuria ya maji juu ya moto. Onyesha kwa mishale njia inayofuatwa na majani ya chai.
4. Mawe ya tabaka lililo chini ya ganda la dunia ni magumu. Yawezaje kutiririka?
5. Taja ushahidi mmoja uliopatikana baharini baada ya mwaka 1950, ueleze unathibitisha nini.
6. Bamba moja husogea sentimeta 3 kila mwaka. Litasogea kilometa ngapi katika miaka milioni 10?
7. Holmes aliwaonya wasomaji wake wasiliamini wazo lake kabla ya kupata ushahidi. Zungumzeni darasani: je, onyo hilo lilimpunguzia heshima au lilimwongezea?